Zamu ya Kwanza Kisimani

Mdogo wangu,

Shikamoo yako imenifikia. Marahaba. Nimeiitikia kwa sababu salamu haikataliwi, hata ikiletwa na mtu wa reli aliyeitoa mlangoni huku macho yake yakitafuta kivuli. Usiihesabu zaidi ya hapo.

Hukuandika. Tulikaa benchi moja pale misheni, na wewe ulikuwa mwepesi wa herufi kuliko mimi, lakini umechagua kuniletea maneno kwa mdomo wa mtu nisiyemjua. Basi mimi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nimeambiwa huko uliko ukiamkiwa kwa Kigogo unajibu kwa Kiswahili, na sitaki useme hukuelewa. Barua hii sikuifunga. Atakayeibeba aisome, na asiyejua kusoma asomewe. Haina siri ndani yake, maana yote ninayoyataja yalitendeka mchana, mbele za watu.

Ujumbe wako ulikuwa huu: umepata ng'ombe, unarudi nyumbani kiangazi hiki, na tukuwekee zamu ya kwanza ya asubuhi kwenye visima vya baba. Nilimuuliza mjumbe kama kweli ulisema zamu ya kwanza. Akasema ndiyo, tena ulikazia, kwa kuwa wewe ndiye mwana wa kiume. Mume wangu alicheka kicheko kibaya akatoka nje. Mimi nilibaki na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini, tukala umeungua.

Nitakujibu. Lakini kwanza kaa usikilize, maana naona umesahau kisima chenyewe kilikuwa kitu gani kwetu.

Unapakumbuka pale mto unapopinda, chini ya migunga, mahali ambapo masika maji hupita yakinguruma na kiangazi unabaki mchanga mtupu? Baba alipachimba tangu hatujazaliwa. Mvua zikiisha alishuka na jembe, na maji yalipokimbia chini naye aliyafuata, mpaka kisima kikawa kirefu kuliko nyumba. Yeye alisimama chini kabisa, miguu ndani ya maji, akijaza kibuyu. Wewe ulisimama katikati, kwenye kijukwaa alichokichonga ukutani kwa ajili ya miguu yako tu. Mimi nilikuwa juu, napokea, namimina kwenye hori tulilolikandika kwa udongo wa kichuguu. Kibuyu kilichojaa kinapanda, kitupu kinashuka, na wewe unapiga mluzi ili ng'ombe wanywe kwa utulivu. Hakuna aliyekushinda kwa mluzi. Yule ng'ombe wa kijivu mwenye pembe iliyopinda, uliyemlea kwa mkono mama yake alipokufa, alikuwa hanywi mpaka akusikie. Baba alikuwa anapaza sauti kutoka chini, "Mwambie bibi yako anywe, mgongo wangu unauma!" Tulicheka mpaka maji yakamwagika, na maji ya kiangazi hayakuwa ya kumwagwa.

Mahali pale palikuwa na adabu zake, nasi tulizinyonya pamoja na maziwa. Mwenye kundi akifika na kukuta wengine wanachota, hashuki. Anawasimamisha ng'ombe wake juu ya ukingo, analaza fimbo chini, anaketi. Anaamkia, "Mbukwa!", anaitikiwa, na baada ya hapo hasemi kitu juu ya maji. Hahimizi, hakohoi, hasogei. Ni kazi ya aliye kisimani kumwona na kumwita. Naye aliye kisimani akimaliza haondoki hivi hivi, anaondoa samadi, anajaza hori kwa mkono wake kwa ajili ya anayefuata, ndipo anaita, "Haya, karibu." Mtu anaweza kuwa na kesi na wewe ya mahari au ya mbuzi aliyepotea, lakini pale hori lake utalijaza, na yeye atalijaza lako akija wewe ukiwa nyuma. Ugomvi mtaukuta huko juu mlikouacha. Baba alisema watu wanaosukumana kisimani wanakibomoa kisima chenyewe, maana kuta zake ni mchanga. Hakuwa anatafuta methali. Alikuwa amewahi kumfukua mtu.

Siku moja ulishusha ndama wetu wakati yule bibi jirani, mjane, alikuwa ameketi ukingoni na ng'ombe wake wachache waliokonda. Ulikuwa na haraka. Ngoma ilikuwa inalia kwa jirani. Baba alipanda kutoka chini, matope mpaka magotini, akakuuliza kwa nini.

"Sikudhani amefika, baba. Hakusema kitu."

"Aliyeketi amefika," baba alikuambia. "Alitakiwa aseme nini tena?"

Akakushusha wewe kule chini ukamchotee bibi peke yako, kundi lake lote, mpaka viganja vyako vikatoka malengelenge. Hukulia. Jioni nilikupaka mafuta ya samli, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, sitarudia. Niliona aibu alivyonishukuru." Nilikupenda sana jioni ile. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma.

Unajua kwamba hata watu wa msafara walizijua adabu zetu. Unakumbuka wale wapagazi wa Kinyamwezi waliopita na mizigo, mkuu wao akataka kushuka kwa nguvu huku anapayuka? Baba hakushika mkuki. Aliketi kwenye mdomo wa kisima, akamwambia, "Maji hayana miguu, rafiki yangu. Keti." Yule bwana akachungulia kule chini akasema Wagogo mnachimba kaburi halafu mnaliita kisima. Baba akamjibu, "Ukizikwa humu, angalau hutakufa na kiu." Msafara mzima ulicheka, mizigo ikatuliwa, wakaketi. Walipomaliza kunywa walijaza hori wenyewe bila kuambiwa, wakaondoka wakiimba. Watu wa mbali, ambao hawakutegemea kutuona tena, walielewa kwa kuonyeshwa mara moja.

Kisha ikaja reli.

Sitasema ni wewe uliyeileta. Mdachi alikuja na mapimo yake, akaona kisima chetu hakikauki, akasema gari la moshi litakunywa hapo. Hakumwuliza baba. Walizungusha seng'enge, wakaweka lango la mbao, wakapanua kisima kwa mawe na kuweka kamba ya kuvutia maji. Sisi tuliokichimba tukaruhusiwa kuchota asubuhi mpaka jua la utosi. Baada ya hapo maji ni ya reli. Msimamizi akatafuta mtu wa kulinda lango, anayejua lugha ya wenyeji na Kiswahili. Ukaenda. Baba hakukuzuia. Alisema, "Afadhali lango lishikwe na mtu wetu. Atajua nani amefika." Alilisema mbele ya wazee kwa majivuno kidogo, nawe ulikuwa umevaa lile koti la kaki lililokupwaya mabegani.

Utaratibu wa msimamizi ulikuwa wa kusimama. Watu wasimame mstari langoni, aliye mbele aingie. Asiyesimama hahesabiwi, ameketi, basi amepumzika, hataki maji. Msimamizi hakujua. Walinzi wenzako wa kutoka pwani hawakujua. Hao siwalaumu, mtu hawezi kuona adabu asiyofundishwa. Wewe ulijua. Katika watu wote waliokuwa ndani ya seng'enge ile, ni wewe peke yako uliyejua maana ya mzee aliyeketi ukingoni na fimbo imelazwa chini.

Vijana wetu walijifunza kusimama upesi sana. Kisha wakajifunza kusukumana. Hori halikujazwa tena kwa ajili ya mtu. Yule bibi mjane aliacha kuja kabisa, akawagawa ng'ombe wake kwa wakwe.

Baba alikuwa ananywesha kwenye vishimo vidogo vya juu ya mto, hakutaka kwenda langoni. Lakini mwaka ule mvua zilichelewa, vishimo vikatoa matope. Tukaenda. Mimi nilikuwa naye, na vibuyu vyangu mgongoni, kwa hiyo hakuna wa kunisimulia.

Tulifika asubuhi. Baba aliwasimamisha ng'ombe, akalaza fimbo, akaketi. Akakuamkia. Uligeuka, ukamwona. Mdogo wangu, ulimwona. Macho yako yalimshika, halafu yakashuka kwenye viatu vyako.

Niliona wengine wanatupita kwenda langoni. Nikamwambia, "Baba, siku hizi watu husimama." Akanijibu kwa upole, kama anamfundisha mtoto, "Aliye kisimani ananiona. Ataita."

Jua likapanda. Ng'ombe wakaanza kulia, maana harufu ya maji walikuwa wanaisikia. Nikaja langoni mwenyewe. Nilikuambia nini? "Mwite baba." Tu. Sikuomba umtangulize.

Ulisema bila kuniangalia, "Mwambie asimame kwenye mstari kama wenzake. Bwana yupo."

"Ni baba."

"Hapa hakuna baba."

Nimelirudia neno hilo nikikoka moto, nikisaga uwele, nikimnyonyesha mwanangu. Sijapata pa kuliweka. Niliporudi nikamwambia baba wazi kwamba unataka asimame. Akasema, "Basi jua linampiga machoni. Hajaniona vizuri." Akaendelea kuketi. Watu wanasema alikuwa mkaidi. Kama alikuwa mkaidi, ukaidi wake ulikuwa ni kukuamini wewe.

Jua la utosi lango likafungwa. Ng'ombe hawakujua saa za reli. Walikurupuka wakateremka wote kwenye seng'enge, na mbele yao yule wa kijivu, nadhani alikuwa amekutambua. Ulimpiga kiboko usoni. Alisimama palepale akikutazama huku damu inamtoka puani, nawe ukampiga tena. Ndipo baba aliposimama, kwa mara ya kwanza siku ile. Alipiga mluzi, mluzi wako ule ulioujifunza kwake, ng'ombe wakarudi wakamfuata.

Tuliondoka na kiu yetu. Nilikuwa na maji kidogo ndani ya kibuyu, nikampa. Akakataa, akisema mtu hanywi kabla ya ng'ombe wake. Wa kijivu alianguka njiani, na wengine baada yake. Baba alifika nyumbani akiwa anatetemeka kwenye joto lile. Hakupona. Alikufa kabla ya mvua, na katika siku zote zile za kitandani hakukulaani, kama ulikuwa unangoja kusikia hivyo. Hakukutaja. Aliuliza tu kama hori limekandikwa. Kwenye mazishi hukuja. Reli ilikuwa imesogea mbele, nawe ukasogea nayo.

Wapo wanaokutetea. Wanasema ungemwita, msimamizi angekulaza chini akuchape viboko hamsa ishirini mbele ya watu. Nakubali, angekuchapa. Nimewaona waliochapwa, najua mgongo unavyokuwa. Lakini mgongo unapona, mdogo wangu. Ningekukanda kwa maji ya moto na majani, kama nilivyokupaka samli viganjani. Baba angeketi kando yako usiku na mchana, na mpaka leo wazee wangekusimulia kwa jina. Hukutakiwa kupigana na Mdachi. Hukutakiwa kuvunja lango. Ulitakiwa useme "Haya, karibu", maneno mawili, ukaona ni mazito.

Nina uchungu na wewe. Kuna siku nautafuta nisiuone, nadhani umekwisha, halafu nasikia mtoto anapiga mluzi kwenye malisho, uchungu unarudi wote. Wazee husema mwacha mila ni mtumwa. Mimi siamini ulikuwa mtumwa. Nadhani ulikuwa mtu aliyependa koti lake, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mtumwa ningemlilia.

Sasa jibu lako.

Visima unavyovitaka si vile vya reli. Baada ya baba kufa, mimi na mume wangu tulipanda juu ya mto, mbali na seng'enge, tukachimba upya. Yeye anasimama chini, mimi katikati nikiwa na mimba, mwaka ule wa kwanza. Maji yalipotoka nililia kwa hasira. Hakuna lango. Watu wamerudi kuketi. Hata waliozoea kusukumana langoni, wakifika kwetu wanalaza fimbo, wanaona aibu kidogo, wanaketi. Kazi ya kuwarudisha haikuwa ndogo, na wewe hukuwapo.

Mume wangu hataki uje. Anasema maji yatosha kwa waliochimba, na kama unapenda kusimama nenda kasimame langoni kwako. Kuna siku nimekubaliana naye. Nimelala nikikuona umeketi pale ukingoni tangu asubuhi, na mimi nachota, nachota, nakutazama, siiti. Nimeionja ndoto hiyo na ni tamu, sikufichi.

Lakini siwezi. Baba hakuwahi kumnyima mtu maji, na kama nikianza na wewe nitakuwa nimejifunza kazi yako. Kwa hiyo njoo. Ng'ombe wako hawana kosa. Hutasimama kwenye mstari, hakuna mstari. Utaketi juu ya ukingo na mimi nitakuona, na sitaangalia chini. Nitakuita upesi, kabla mchanga haujakuchoma, usije ukasema tulilipiza.

Na hiyo zamu ya kwanza utaipata. Inaonekana umekaa na reli mpaka umesahau ni ya nani, wewe unayeidai kwa kuwa ni mwana wa nyumba. Mwana wa nyumba hunywesha mwisho, watu wote wakishaondoka, na maji yaliyobaki chini na matope yake ndiyo haki yake. Ndivyo baba alivyonywesha maisha yake yote, nasi pamoja naye. Zamu ya kwanza ya asubuhi ni ya mtu wa mbali, aliyelala njiani, asiye na ndugu hapa.

Basi utakapofika nitalijaza hori kwa mkono wangu, nitanyoosha mgongo, nitasema kwa sauti wote wasikie: "Haya, karibu, mgeni."

Njia iwe nyepesi kwako na kwa wanyama wako.

Mimi,
Binti wa Baba